Lita Ishirini na Tisa

Watu wengi hununua pikapu nzito wakiwa na namba kichwani, na namba hiyo huwa imetoka kwenye kitabu kilichokuja na gari. Mwezi wa kwanza wanashangaa. Mwezi wa pili wanaanza kumwangalia dereva kwa jicho la pembeni. Kama yamekukuta na wewe, usijione mjinga, kwa sababu yametukuta wengi. Ninachotaka kueleza hapa ni jinsi nilivyojifunza kupima mafuta ya gari la namna hiyo, na safari moja ambayo kipimo changu kilinipa jibu ambalo mpaka leo sijui pa kuliweka.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, kabla lami haijafika Karatu. Nilikuwa nimeacha kufundisha hesabu shule ya msingi, nikapata kazi ya stoo na usafiri katika mradi mdogo wa maji. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji, na mali yetu kubwa ilikuwa pikapu moja ya dizeli, pana, yenye springi ngumu nyuma na tangi la lita tisini. Ilibeba mabomba na saruji kwenda Piyaya, na mara mojamoja ilizunguka hadi Digodigo kwa wakulima wa mifereji. Dereva wake alikuwa Mwiraki wa Mbulu, mtu wa makamo, mkimya, mwenye mzaha mkavu. Aliniita mwalimu ingawa chaki nilishaiacha.

Bosi wetu alitoka Kilimanjaro. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nataka lieleweke mapema. Alikuwa na uchungu na mali ya mradi, na alikuwa amesoma kile kitabu. Kitabu kilisema kilomita kumi na moja kwa lita moja. Kwenda Piyaya na kurudi ilikuwa kilomita mia mbili na tisini. Kwa hesabu ya kitabu, safari nzima ilitakiwa kutumia lita ishirini na sita na ushee. Sisi tulikuwa tunajaza hamsini na tano, hamsini na sita, wakati mwingine hamsini na nane.

"Gari hili linakunywa kuliko mjomba wangu wa Machame," bosi alisema asubuhi moja, akiwa ameshika daftari langu. Hakuwa anacheka. "Na mjomba angalau tunajua anakunywea wapi."

Dereva alikuwa mlangoni, anafuta mikono. "Bosi, aliyeandika kitabu hicho hajafika bonde la Malanja."

"Wewe umefika. Mara ngapi kwa wiki? Na nani anakuona ukifika?"

Dereva aliendelea kufuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Wakati ule, barabarani kote, dereva akiambiwa anauza dizeli ilikuwa ndiyo mwisho wake. Hakuna kampuni ya watalii wala shamba ambalo lingempa usukani tena. Karatu ni mji mdogo, jina hufika gereji kabla yako. Alikuwa na watoto watano na shamba la ekari moja lenye mawe.

Bosi akaamua. Mimi ningepanda naye safari inayofuata, nisiliache gari hata kidogo, tupime kuanzia tangi limejaa mpaka lijae tena. Kama matumizi yangekuwa yaleyale, dereva angebaki. Kama yangeshuka, ingekuwa na maana kwamba siku zote alipokuwa peke yake kuna mafuta yaliyokuwa yanatoka kwa njia nyingine, na barua ya kumwachisha kazi ingeandikwa Jumatatu.

Niliona ni haki, na nilifurahi, kwa kuwa nilijua jibu. Gari zito halipandi kwa kitabu. Namba za kitabu hupimwa kwenye barabara tambarare, gari likiwa tupu, hewa ikiwa nzito na ya kutosha. Sisi tulikuwa tunapakia tani nzima, tunapanda toka Karatu hadi ukingo wa kreta ambako hewa ni nyepesi na injini inahema kama mtu mwenye pumu, tunashuka Malanja kwa gia ndogo, halafu tunapiga vumbi laini la tambarare ambalo tairi pana huzama ndani yake kama mguu kwenye unga. Kurudi gari linakuwa tupu, lakini mlima ni uleule. Kilomita tano kwa lita katika njia kama ile si wizi. Ni uzito na njia.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo kitabu hakilijui. Juu ya ukingo, ukungu ukishuka, madereva wa njia ile walikuwa na desturi yao. Kabla ya kila kona kipofu unasimama, unapiga honi mara mbili, unahesabu hamsini kimoyomoyo. Ukijibiwa, unabana ukuta wa mlima na kumpisha mwenzako. Usipojibiwa, unapita. Injini haizimwi, maana dizeli na baridi ya kule havielewani, na gari likikataa kuwaka katikati ya kona umejifunga mwenyewe. Kwa hiyo unasubiri, na linaunguruma, na linakunywa. Kona zile ni nyingi.

Tuliondoka Karatu asubuhi, Ijumaa. Bosi mwenyewe alisimama pampuni tukajaza hadi shingoni, tukangoja povu la dizeli litulie, tukaongeza tena. Dereva aliendesha vilevile kama siku zote. Nilikuwa nimemwomba asijaribu kunifurahisha. Tulifika Piyaya mchana. Akina mama walikuwa wanangoja na punda, wakasaidia kushusha mabomba.

"Kila siku mabomba," mmoja wao alimwambia dereva. "Maji yenyewe lini?"

"Maji yanakuja kwa miguu, yeyo," dereva alisema, akimwita mama kwa Kimaasai. "Mabomba ndiyo yanayopanda gari."

Walicheka. Mimi nilichukua ufito wetu wa kupimia, mwembamba, wenye mkato kila lita kumi, nikauingiza kwenye tangi. Ulitoka umelowa hadi juu kidogo ya mkato wa sitini. Niliandika: sitini na moja zimebaki, ishirini na tisa zimetumika. Kilomita tano kwa lita, kama nilivyotegemea. Nilimwonyesha dereva daftari, naye akaitikia kwa kichwa kama mgonjwa anayeambiwa homa imeshuka.

Tuliporudi hatukupakia mtu, kwa sababu ya kipimo. Tambarare ilikuwa imekauka, kijivu kila upande, na upepo haukuwapo. Nakumbuka hilo vizuri, kwa sababu vumbi letu lilisimama wima nyuma yetu bila kutawanyika. Baada ya muda niliona kwenye kioo cha pembeni kwamba kulikuwa na mavumbi mawili. La kwanza letu. La pili mbali kidogo, jembamba, likitufuata kwa umbali uleule.

"Kuna gari nyuma," nilisema.

"Naliona."

"La nani?"

"Mwalimu, ukiangalia nyuma hivyo utaumwa shingo, na mimi sina dawa."

Alipunguza mwendo ili lipite. Vumbi la pili nalo likapungua. Alisimama kabisa, akashuka kukagua tairi ambalo halikuwa na shida. Niliangalia nyuma. Vumbi la pili lilikuwa limelala chini, na pale lilipokuwa hapakuwa na kitu, isipokuwa nyumbu wachache, wote wamegeuza vichwa upande mmoja, wakitazama mahali palipokuwa patupu. Tulipoondoka likainuka tena.

Nilijitafutia maelezo, kama ninavyopenda. Nilisema ni kimbunga kidogo cha vumbi, vipo vingi kule. Lakini kimbunga hakisimami ukisimama.

Tulianza kupanda kutoka Malanja kama saa kumi. Ukungu ulitupokea njiani, mzito, mweupe, unaonuka majani mabichi na moshi wa mbali. Taa hazikusaidia. Tulifika kona ya kwanza, dereva akasimama, akapiga honi mara mbili. Honi ya pikapu ile ilikuwa na kovu. Ilianza kwa kukwaruza kabla ya kulia. Niliijua kama ninavyokijua kikohozi changu.

Tukahesabu. Nilipofika thelathini, honi ikajibu. Mara mbili. Ilianza kwa kukwaruza.

Ilitoka nyuma yetu.

"Mwangwi," nilisema. "Ukuta wa kreta unarudisha sauti."

"Ndiyo," dereva alisema. Akabana ukuta wa mlima, kama desturi inavyotaka, akapisha. Tulikaa pale kwa muda mrefu. Hakuna kilichopita. Hatimaye akatia gia tukasonga.

Kona ya pili alisimama, lakini hakupiga honi. Mkono wake ulikuwa juu ya usukani, haukuigusa honi. Tulikuwa tunasikiliza ukungu, na ndani ya ukungu ule, karibu zaidi, honi ikakwaruza ikalia mara mbili, kana kwamba ni zamu yake kuuliza.

Nilimwangalia dereva. Alijibu. Honi mbili fupi, kwa adabu. Kisha akapita bila kuhesabu.

Tukashuka mpaka geti la hifadhi. Pale tulikuta askari mmoja wa zamu, mtu tuliyemfahamu, ambaye alizoea kutusikia tangu tukiwa mbali na kuwa ameshainua mti wa kizuizi tunapofika. Siku ile mti ulikuwa chini. Alitoka kibandani ameshtuka kidogo, akatutazama sisi, akatazama gari, akainua mti. Tulipopita hakuushusha. Aliuacha juu, anatazama ukungu.

"Unamngoja nani?" dereva alimuuliza kupitia dirishani.

"Huyo wa nyuma yenu."

"Hakuna wa nyuma yetu."

"Injini yake nimeisikia tangu juu," askari alisema. "Ya kwenu ndiyo sijaisikia. Mmeshuka mmezima? Si vizuri, breki zitawaacha siku moja."

Injini yetu ilikuwa inanguruma pale pale kati yao wakati wanaongea. Dereva alimwambia asante, tukaondoka.

Bosi alikuwa pampuni anatungoja. Alishika bomba la mafuta kwa mkono wake, akajaza hadi shingoni, tukangoja povu, akaongeza. Namba kwenye pampu ilisimama. Ishirini na tisa.

Alirudia kuisoma. Kisha akanipa mkono, kama mtu anayempongeza mwanafunzi. "Kilomita kumi kwa lita. Kitabu kimesema kumi na moja, moja tunasamehe." Hakumwangalia dereva. "Mwalimu amelipanda gari mara moja tu, na limeacha ulevi."

Nataka usimame hapa kidogo, maana hapa ndipo palipo na shida yenyewe, na ni rahisi kuipita. Dereva hakuwa ameiba kitu, wala siku ile wala siku nyingine. Lakini kipimo kilichotakiwa kumwokoa kilionyesha kile ambacho mwizi angekionyesha: ukimwangalia, mafuta yanatosha, usipomwangalia, yanapotea. Ningekuwa bosi ningeamini hivyohivyo. Na mimi nilikuwa nimekaa naye kwenye kiti kimoja.

Nilirudi ofisini nikafungua daftari. Ndipo nilipoona nilichokuwa nimekiandika Piyaya mchana. Ishirini na tisa zimetumika. Hizo zilikuwa za kwenda tu. Jioni tangi lilimeza ishirini na tisa zilezile. Nilitoa moja kwa nyingine, hesabu ya darasa la kwanza, na jibu likawa sifuri. Kutoka Piyaya hadi Karatu, tambarare, mlima, ukungu, na kusimama kwenye zile kona, pikapu ile haikuwa imechoma tone la mafuta.

Nilikagua kila kitu nilichokijua. Labda ufito ulinidanganya, gari likiwa limeegeshwa mteremkoni. Lakini nilikumbuka tuliliegesha palipo sawa, na hata mteremko ungenipoteza lita tano, sita, si zile ishirini na saba tulizozoea kutumia kurudi. Labda bosi hakujaza vizuri. Nililiona povu likifika mdomoni. Labda kuna mtu aliongeza dizeli Piyaya. Kule dizeli ingetoka wapi, na nani angeleta bila kusema?

Jumamosi nilimwendea bosi na daftari. Nilimweleza polepole, namba kwa namba, kama nilivyozoea kueleza kugawanya. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, ufito wako una mikato iliyokatwa kwa kisu. Pampu imepimwa na serikali. Unataka niamini kipi?"

"Sitaki uamini chochote. Nataka uje mwenyewe. Una kikao na kamati ya maji Piyaya Jumatano. Njoo na gari letu, ukae katikati yetu. Barua ingoje hadi Alhamisi."

Aliguna. Hakupenda kusafiri na pikapu, mgongo ulikuwa unamsumbua. Lakini alikuwa mtu wa haki, nimeshasema. Alikubali.

Dereva nilimkuta nyuma ya gereji, anaosha gari ambalo lilikuwa limeshaoshwa. Nilimweleza kuhusu Jumatano.

"Nitakwenda," alisema. "Kwa ajili ya jina nitakwenda."

Jumatano palikuwa na jua kali toka asubuhi. Bosi alikaa katikati, magoti yamegusa gia, na kila dereva alipobadilisha gia alilazimika kusogea. Kufika juu ya ukingo alikuwa ameshauliza mara tatu kwa nini hatuendi kwa gia kubwa.

"Nikiweka kubwa litazima, bosi."

"Weka nione."

Dereva akaweka. Gari likatetemeka, likalegea, likaanza kufa. Akarudisha ndogo. Bosi hakuuliza tena. Kule tambarare alipita juu ya magoti yangu, akatoa kichwa dirishani kuangalia jinsi tairi zinavyozama kwenye vumbi, akakirudisha kikiwa kijivu chote, nyusi na masharubu, na dereva akamwambia kwa upole kwamba sasa amefanana na mjomba. Bosi alicheka hadi akakohoa. Piyaya nilichovya ufito mbele yake: sitini na moja. Kurudi hapakuwa na ukungu, wala vumbi la pili, wala aliyejibu honi. Askari wa getini alituinulia mti kabla hatujafika. Pampuni bosi alijaza mwenyewe, na namba ikasimama kwenye hamsini na sita na nusu.

Alirudisha bomba la mafuta mahali pake. Kisha alimgeukia dereva, akasema maneno ambayo wakubwa wengi hawayawezi. "Nimekukosea. Nisamehe."

"Yameisha, bosi."

Kesho yake ukutani kwa ofisi aliandika kwa chaki namba mpya, na akaniomba nimsaidie kuipanga: gari tupu kwenye barabara nzuri, kilomita nane kwa lita; na mzigo kwenye changarawe, sita; Piyaya, tano; matope ya masika, nne au pungufu, na dereva asiulizwe. Namba zile zilikuwa za kweli, na nakushauri uanzie hapo kama una gari la aina hiyo. Pima mwenyewe, safari baada ya safari, andika hata zile usizozipenda. Baada ya miezi michache utalijua gari lako kuliko kitabu chochote.

Alhamisi ileile mchana dereva alikuja stoo, akaweka ufunguo mezani.

"Jina lako limeshasafishwa," nilimwambia. "Unaondoka sasa?"

"Sasa ndiyo naweza. Ningeondoka juzi wangesema mwizi amekimbia." Alikuwa ameshapata kazi kwenye shamba la kahawa, upande wa juu wa mji. Trekta. "Trekta halitoki shambani," alisema, na niliona kwamba hilo ndilo lililompendeza.

Nilimuuliza kama ni kwa sababu ya honi.

Alivuta kiti, akakaa. "Mwalimu, wewe ulikuwa unatazama kioo. Mimi nilikuwa natazama miguu yangu. Toka tulipoacha Piyaya, nilikanyaga mafuta mara moja tu, tulipoondoka. Baada ya pale mguu ulikuwa chini, kwenye zulia, mbali na pedeli. Nilishika usukani kwa ajili yako, usiogope."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeandika?"

Kweli, nisingeandika.

"Kuna mtu alitubeba," alisema. "Sijui kwa nini, sijui anataka nini. Mimi sipendi kubebwa na mtu nisiyemjua. Siku atakapotaka nimbebe yeye, nataka anikose."

Aliniomba barua ya kupeleka shambani. Nikaiandika palepale kwa mashine ya chapa: kwamba ametutumikia miaka minne, ni mwaminifu, na kwamba mafuta aliyoyaandika yalikuwa ndiyo aliyoyatumia, siku zote. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kisha akakiweka kidole kwenye maneno mawili, akanirudishia.

"Hapa kwenye siku zote," alisema. "Ile Ijumaa usiniwekee."

Niliiweka karatasi ile pembeni, nikaingiza nyingine safi, nikaanza upya.